Nilivyorudishiwa Mwili Wangu Kidogo Kidogo

Ndugu zangu wa parokia, na nyinyi majirani zetu wa Mkunazini mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi humu ukumbini, nawashukuru. Kila mmoja nimempa salamu yake pale mlangoni kwa jinsi ya dini yake, kwa hiyo sirudii. Nasema tu kwamba Mungu ni mwema, na hii pumzi ninayosemea ni yake, kanipa nitumie.

Kwa wasionijua, mimi ni Deogratias. Wengi mnaniita Deo, fundi wa viyoyozi. Marehemu baba yangu alikuja Unguja kutoka bara akiwa kijana, akafanya kazi hapa, akazikwa hapa. Mimi nimezaliwa hapa. Mke wangu ni Paskalina, yule pale aliyejifunika uso kwa leso, hapendi kutajwa. Tuna binti mmoja, Neema, anasoma bara. Tunaishi ghorofani katika nyumba ya Bi Mwanaidi, na yeye Bi Mwanaidi mwenyewe anakaa chini.

Kabla sijaugua nilikuwa na nguvu sana. Kiyoyozi kizima nilikibeba begani nikapanda nacho ngazi. Wiki hii niko Nungwi, wiki ijayo Uroa, nikirudi mjini simu inaita tena. Kanisani nilikwenda, sala nilisali. Lakini raha yangu yote niliiweka mbele. Tulikuwa tunajenga Fuoni, na kila kitu kilingoja ile nyumba. Jioni Paskalina ananiita, "Baba Neema, njoo ukae japo kidogo, upepo mzuri leo." Namjibu, "Baadaye, mama. Tukihamia Fuoni tutakaa mpaka tuchoke." Nilisema hivyo miaka na miaka, na sikuona kama ni neno la ajabu, kwa sababu karibu kila mtu ninayemjua anasema hivyo hivyo.

Ugonjwa ulianza kwa jambo dogo, tena la aibu. Nilikuwa kazini Uroa nikashikwa na tumbo la kuendesha. Nikaharisha, nikapoa, nikasahau. Nani anakaa kukumbuka kuharisha? Kama wiki hivi ilipita, nikaamka asubuhi na ganzi kwenye nyayo. Nikakanyaga sakafu, naona kama nimevaa soksi nene, na ndani ya soksi mna siafu. Nikacheka. Nikamwambia Paskalina nimelalia miguu vibaya. Nikaenda kazini.

Siku ya pili ile ganzi ilikuwa magotini. Jioni, ninapanda ngazi za kwetu, zile mnazozijua zilivyo wima, magoti yakakunjika yenyewe. Sikujikwaa wala sikuteleza. Yaliacha tu kunibeba. Nikakaa pale ngazini nikiyatazama kama magoti ya mtu mwingine. Zahanati walinipa vidonge vya nguvu, wakasema ni uchovu, nipumzike. Nikapumzika. Kesho yake nikashika bisibisi nijaribu kutengeneza feni ya Bi Mwanaidi, bisibisi ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Vidole havikukaza.

Bi Mwanaidi alikuwa ananitazama. Akanyanyuka, akamwita mke wangu kwa sauti.

"Paskalina!"

"Naam, Bi Mwanaidi."

"Shuka uje. Mie nshaona mengi duniani, lakini haya siyapendi. Huyu si mchovu. Mpelekeni hospitali leo, nnakwambia. Leo, si kesho."

Kuna shida moja. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, na mimi miguu haipo. Ilikuwa watu wanatoka msikitini, sala ya alasiri imekwisha. Bi Mwanaidi akasimama barazani akawaita wanaume, akatoa kiti chake cha mbao. Wakanikalisha, wakaninyanyua, mmoja akasema, "Bismillahi, twende." Ndivyo nilivyotoka Mkunazini: nimebebwa juu ya kiti mimi Mkristo, na watu waliotoka kumsujudia Mungu sasa hivi, kanzu zao zinagusa kuta pande zote mbili. Wengine mko hapa leo. Siku ile niliona haya, sikuwatazama usoni. Leo nawatazama.

Hospitali nilipokewa na daktari mmoja mwanamke, Daktari Rahma. Alinigonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ulitakiwa uruke. Haukuruka. Akagonga wa pili, vivyo hivyo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Bwana Deogratias, hivi karibuni uliharisha?"

Nikashangaa. "Niliharisha, daktari, lakini nikapoa."

Akavuta kiti, akakaa. Daktari akivuta kiti akakaa, ujue kuna maneno. Akaniambia kwamba mwili wangu ulipopigana na vijidudu vya lile tumbo, askari wake walichanganyikiwa. Vijidudu vimekwisha, wao wanaendelea kupiga, na sasa wanapiga mishipa yangu ya fahamu. Nikamwambia, "Mimi fundi, daktari. Niambie kwa lugha ya waya."

Akatabasamu. "Haya. Umeme upo, mota nzima. Waya zimechunika ganda."

"Ganda linarudi?"

"Kwa watu wengi linarudi, polepole sana. Lakini kwanza utashuka ndipo upande. Hatujui utashuka mpaka wapi. Usione unashuka ukadhani ndio mwisho."

Walinichoma sindano mgongoni wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakahakikisha. Dawa zikatafutwa, nikaanza kutiwa kwenye mshipa. Na mimi nikashuka kama alivyosema.

Mikono ililegea mpaka mabegani. Nilitiwa mpira wa mkojo. Haja kubwa nilisafishwa na mke wangu, mtu mzima mimi, nikigeuzwa upande huu na upande huu kama godoro. Na msidhani aliyepooza hasikii maumivu. Mgongo uliwaka moto, mapaja yaliwaka moto, shuka likinigusa natamani kupiga kelele. Halafu uso ukalala, pande zote mbili. Sikuweza kucheka wala kukunja kipaji. Paskalina alininywesha maji, yakatokea puani. Macho yakawa hayafumbi. Usingizi unakuja, kope hazishuki, nimeikodolea macho dari. Ikabidi nitiwe dawa ya macho, kisha Paskalina anazishusha kope kwa vidole vyake, taratibu, anazibandika kwa utepe. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alitoka nje ya wodi. Nilijua kwa nini. Ndivyo tunavyowafanyia waliokufa.

Kisha pumzi. Niliona hewa inaniishia kifuani juu, haishuki. Nikawa siwezi kumaliza neno. Daktari Rahma akaniinamia sikioni: "Bwana Deogratias, mashine itakusaidia kupumua. Ukizinduka utasikia kila kitu lakini hutaweza kusema. Usiogope. Sisi tuko hapa." Nilipozinduka nilikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, mpira umepita mdomoni. Baadaye walinitoboa hapa kooni, wakauhamishia hapa. Kovu hili mnaliona.

Nikawa nimebaki na macho tu. Nikitazama juu ndio, nikitazama chini hapana. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote. Mtu akisahau kuniuliza, basi sina la kusema. Nzi alitua puani pangu siku moja mchana. Alitembea, akasimama, akasugua miguu yake, akatembea tena mpaka kwenye mdomo. Sikuwa na uwezo hata wa kumpulizia. Nimewahi kubeba mashine nzito kuliko baadhi yenu, na nzi alinishinda.

Nitasema kweli kuhusu imani, maana Padri ameniambia niseme kweli. Mwanzo nilikasirika. Nilimwambia Mungu moyoni, kama umenitaka nichukue, hii ya kuniacha nusu ni ya nini? Sikuona malaika, sikuota ndoto yenye nuru. Padri alikuja, hakunihubiria. Alinipaka mafuta kipajini na viganjani, akaenda zake. Na Paskalina kila akiruhusiwa kuingia alinishika mkono, anasali kwa sauti ile sala tuliyofundishwa sote utotoni, mimi naifuata kwa moyo.

Siku moja tukafika pale pa kuomba chakula cha leo. Nimepaomba pale maelfu ya mara, nikiwa nimeshiba. Siku ile nikapasikia. Tulifundishwa tuombe cha leo. Cha mwaka hakimo mle. Nyumba ya Fuoni haimo. Na mimi wakati ule hata hicho cha leo siwezi kukimeza. Machozi yakanitoka, yakaingia masikioni, maana nilikuwa nimelala chali na hakuna misuli ya kuyazuia. Paskalina akafikiri ninaumia. "Unaumwa?" Nikatazama chini. "Unaogopa?" Chini. Akachoka kuuliza, akayafuta tu.

Kuanzia hapo nikawa na kazi. Nilianza kuisikiliza ile mashine. Mimi maisha yangu yote ni mashine za hewa, nazijua zinavyonung'unika zikitaka kuharibika. Hii ilikuwa nzuri, ya kisasa. Lakini nesi hakai. Mara inalia, mara mpira umejaa makohozi unafyonzwa, mara maji yamekusanya, mara kipimo kirekebishwe. Watu waliosoma, zamu kwa zamu, na chombo cha thamani, ili kifua kimoja kipande na kushuka. Nikajiuliza: na hii kazi, kabla sijaugua, alikuwa anaifanya nani? Nimelala usingizi fofofo miaka yote hii, nani alikuwa zamu? Hakuna siku niliyoamshwa nikaambiwa, Deo, pumua, umesahau. Nilikuwa juu ya ngazi Nungwi nikimgombeza mtu kwenye simu, na huku kifua kinapanda na kushuka, na wala sikumwajiri mtu.

Ndugu zangu, nilishikwa na hofu. Si hofu ya kufa. Ni ile hofu ya kuingia mahali patakatifu umevaa viatu. Nilielewa kwamba nilikuwa nimeishi ndani ya muujiza kwa zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi hata kugeuza shingo kuutazama. Basi nikalala pale, siwezi kunyanyua kidole, na nikawa na furaha. Naomba mniamini. Haikukaa kila siku, ilikuja na kuondoka, lakini ilikuja nikiwa sina kitu.

Kisha nikaanza kupanda.

Ilikuwa asubuhi, Paskalina ananifuta uso kwa kitambaa cha maji. Akasimama ghafla. "Baba Neema! Umefumba jicho!" Mimi sikujua. Akanigusa tena kwa kitambaa, kope ya kulia ikashuka, si yote, nusu, ikapanda. Alipiga kigelegele, nadhani ndiye mtu wa kwanza kupiga kigelegele chumba cha mahututi. Nesi akaja mbio kumgombeza, akaona, akamwita Daktari Rahma. Watu watatu wazima waliniinamia wanatazama kope moja ikishuka na kupanda, na kila ikishuka wanasema, "Tena! Tena!"

Baada ya kope ukaja mkunjo wa kipaji. Baada ya muda mabega. Mashine ikapunguzwa, nikaachwa nipumue mwenyewe kidogo, nachoka, narudishwa. Siku ilipotolewa kabisa niliivuta hewa puani nikasikia harufu ya dawa ya kufanyia usafi, na jasho langu, na chungwa analomenya mtu kitanda cha mbali. Niliona kama nimepewa bustani.

Kumeza kulichelewa. Nilipata ruhusa ya uji mwezi wa Ramadhani. Bi Mwanaidi akasema uji atapika yeye, wa mchele, laini, na wala hasikilizi la mtu. Akaja nao mchana, ana saumu yake. Paskalina akaona aibu, akasema, "Bi Mwanaidi, utamlishaje na wewe umefunga? Niachie mimi."

"Niache. Mikono haikufunga." Akachota nusu kijiko, akakipulizia, akaniambia, "Mwanangu, mie nnangoja adhana. Wewe adhana yako ndio hii. Fungua."

Nikafungua mdomo. Uji ukakaa ulimini. Nikasikia utamu wa nazi, chumvi kwa mbali, na ujoto. Nikaogopa kumeza, nikakumbuka yale maji ya puani. Wote wananitazama. Nikamkabidhi Mungu, nikameza. Ukapita. Nikausikia unavyoshuka mpaka tumboni. Nimekula harusi nyingi mimi, za watu wakubwa, pilau na biriani. Sijapata kula chakula kama kile.

Hospitali nilikaa miezi. Mtaalamu wa mazoezi, Bwana Suleiman, ndiye aliyenifundisha kukaa kitako, kusimama, kuhamisha mguu. Nikimuuliza lini nitatembea ananijibu, "Leo tunakaa. Ukikaa vizuri, umefaulu leo." Mwanzo lilinikera lile jibu, baadaye nikalipenda.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani ngazi siziwezi. Tulikuwa tunafikiri pa kwenda. Tukafika mlangoni tukamkuta Bi Mwanaidi keshahamisha vitu vyake, kitanda chake kiko juu kwetu, chetu kiko chini kwake. Nikamwambia, "Bi Mwanaidi, hili siwezi kulikubali. Wewe mtu mzima, magoti yako."

Akasema, "Magoti yangu yanazijua hizi ngazi kabla hujazaliwa. Ingia ndani, jua kali."

Akakaa juu mpaka nikaweza kupanda. Leo amekaa pale mbele, na najua nikimsifu zaidi atainuka aondoke, kwa hiyo nanyamaza.

Sikurudi nilivyokuwa. Vidole vya miguu hadi leo vina ganzi, nachoka upesi, ngazi ndefu na kazi za juu ya mapaa nimeziacha. Natengeneza feni na pasi nikiwa nimekaa. Kufunga vifungo vya shati kulinichukua asubuhi nzima kwa kipindi kirefu, na cha mwisho kikiingia namwonyesha Paskalina kifua kama askari aliyepewa nishani. Naamka nakuna pua yangu mwenyewe, na nasema asante. Mnacheka, lakini jaribuni kukaa bila kuweza kujikuna, ndipo mtajua ni utajiri gani mnao vidoleni.

Nyumba ya Fuoni haijaisha. Ina kuta, haina bati. Mwezi uliopita tulikwenda, mimi na mke wangu, tukakaa juu ya matofali ndani ya kile kilichokuwa kiwe sebule. Mvua ya rasharasha ikaanza. Zamani ningehesabu saruji inayoharibika. Tukakaa tu, tukalowa, Paskalina ananicheka nilivyofumba macho na kuyafumbua ili mvua inidondokee kwenye kope. Tutaimaliza Mungu akipenda. Asipopenda, siku ile tulihamia.

Ninalowaomba ni haya. Ukiona ganzi na udhaifu vinapanda kutoka miguuni, usingoje vidonge vya nguvu vifanye kazi, nenda hospitali siku ile ile. Ukiwa na mgonjwa asiyeweza kujibu, zungumza naye, anakusikia, na sauti yako inamshikilia. Na wewe uliye mzima, ukiitwa ukae barazani kidogo, nenda ukakae.

Nimalizie na jambo la juzi. Daktari Rahma alinipigia simu akaniambia kuna mwanamke amelazwa, mkulima wa mwani kutoka Chwaka, ugonjwa ni ule ule, amefika chini kabisa, na mama yake amekata tamaa. Akaniomba niende kumtia moyo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno mazuri. Nikafika. Nikamkuta amelala vile vile, mpira kooni, macho yamekodolewa darini, mama yake pembeni anavuta tasbihi. Nikamwamkia mama, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, baba," kwa sauti iliyokwisha. Nikasimama mbele ya yule dada nianze kusema, na maneno yote yakanipotea. Nilikumbuka nilivyokuwa pale, nikisemeshwa maneno mazuri na watu wazima wenye afya.

Nikamwambia tu, "Mimi nilikuwa hapo. Kitanda kile cha dirishani." Kisha nikageuka nikatembea. Nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Yeye hawezi kugeuza shingo, lakini macho yake yakaacha dari yakanifuata, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mama yake akaacha kuvuta tasbihi akayatazama yale macho.

Ushuhuda wangu wote ni ule, sina mwingine mkubwa zaidi. Namshukuru Mungu Baba, namshukuru Mwanawe, nawashukuru nyinyi mlionibeba. Sasa nakwenda kukaa. Nitazameni ninavyokwenda.